Mkono Mrefu wa Rassie Erasmus: Safari ya Mchezaji Aliyegeuka Kocha

Kombe la Dunia la raga la wanaume limechezwa mara 10 tangu lianze mwaka 1987, na kila mara limetwaliwa na kocha tofauti. Ukiulizwa ni wangapi kati ya hao kumi waliwahi kuzichezea timu zao za taifa, huenda ukataja saba au wanane. Ni watatu tu. Brian Lochore wa New Zealand mwaka 1987, Clive Woodward wa Uingereza mwaka 2003, na Rassie Erasmus wa Afrika Kusini mwaka 2019. Graham Henry, aliyeshinda mwaka 2011, alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Steve Hansen aliyemrithi alikuwa askari polisi. Jacques Nienaber, bingwa wa mwaka 2023, alianza kazi kwa kuwakanda misuli wachezaji, maana alisomea fiziotherapia.

Kwa hiyo dhana kwamba mchezaji mkubwa ndiye kocha mkubwa wa kesho haina ushahidi wa maana katika raga. Ndiyo maana njia ya Erasmus inafaa kuangaliwa kwa utulivu, kwani ni mmoja wa wachache waliofika kileleni kutokea uwanjani, na njia yenyewe imepindapinda. Amekuwa mchezaji, kocha mkuu, bosi wa ofisini, mkurugenzi, mbeba maji, mtu aliyefungiwa, kisha kocha mkuu tena. Asiyefuatilia raga kila wiki hushindwa kuelewa nani hasa alikuwa akiiongoza Afrika Kusini mwaka gani. Mimi naona vyeo ndivyo vinavyochanganya watu; kazi yenyewe imebaki ileile kwa miaka zaidi ya ishirini. Erasmus amekuwa akitafuta namna kocha anavyoweza kuufikia mchezo ambao kanuni na desturi zimemweka mbali nao.

Alizaliwa tarehe 5 Novemba 1972 huko Despatch, mji mdogo wa Eastern Cape usio mbali na Gqeberha. Raga ya ukubwani aliijengea Bloemfontein, akiwa na Free State, na nafasi yake ilikuwa flanka. Kwa asiyeijua nafasi hiyo, flanka ni fowadi, mmoja wa wanane wanaosukumana na wanane wa wapinzani kwenye skramu; hujibanza ubavuni na kuchomoka wa kwanza mpira ukitoka. Mchezaji wa raga akiangushwa chini ni lazima auachie mpira, na hapo ndipo flanka anapopata riziki yake. Ana sekunde moja, pengine mbili, za kuamua kama ajitupe kuugombania au aache na kusimama kwenye ukuta wa ulinzi. Akijitupa vibaya, penalti. Akichelewa, wapinzani wameshapita. Afanye hivyo mara thelathini au arobaini katika mechi moja, huku akipigwa mabega.

Mechi yake ya kwanza ya taifa ilikuwa mwaka 1997 dhidi ya British & Irish Lions, kikosi cha pamoja cha Uingereza, Scotland, Wales na Ireland ambacho huzuru ukanda wa kusini wa dunia kila baada ya miaka minne. Ilikuwa mechi ya tatu, na mfululizo ulikuwa umeshapotea. Afrika Kusini ikashinda 35-16, ushindi wa kujifuta machozi. Muda si mrefu timu hiyo ikashika moto na kushinda mechi 17 mfululizo, Erasmus akiwa mmoja wa nguzo zake. Akacheza Kombe la Dunia la 1999, Springboks, yaani timu ya taifa ya Afrika Kusini, wakamaliza wa tatu. Mwaka 2001 ukawa wa mwisho kwake kuivaa jezi ya kijani, akiwa na mechi 36 na trai saba, yaani mara saba aliugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa lango la wapinzani. Baadaye majeraha yakamtoa uwanjani kabisa.

Rekodi nzuri, lakini si ya kutisha. Afrika Kusini imetoa wachezaji wengi waliomzidi na ambao hawakuwahi kuwa makocha wa kutajwa.

Kwa nini ukubwa wa jina hautoshi? Mfano ulio wazi ni Martin Johnson, nahodha aliyeipa Uingereza Kombe la Dunia mwaka 2003. Mwaka 2008 alikabidhiwa timu ya taifa bila kuwa amefundisha timu yoyote kabla ya hapo. Heshima ilikuwepo, kila mchezaji alimsikiliza, lakini timu ikatolewa na Ufaransa kwenye robo fainali ya 2011 na mwaka huohuo akaachia ngazi. Huku kwetu tuna mfano wa upande wa pili: marehemu Benjamin Ayimba, aliyekuwa nahodha wa Kenya ya wachezaji saba kila upande, akarudi kama kocha, akaondoka, akarudi tena, na mwaka 2016 akaichapa Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore. Tofauti ya wawili hao haiko kwenye kipaji cha uchezaji. Ayimba alipewa muda wa kukosea akiwa kocha, Johnson hakupewa.

Erasmus naye alipewa muda huo, tena akiwa kijana. Alipokabidhiwa Free State alikuwa bado katika miaka ya mwanzo ya thelathini, karibu rika moja na baadhi ya wachezaji wake.

Kocha aliye juu ghorofani

Hapa inabidi nisimame kidogo, kwa sababu bila hili mengine hayaeleweki. Kocha wa soka husimama pembeni mwa uwanja akipunga mikono na kupiga kelele. Kocha wa raga kwa kawaida hukaa juu jukwaani, ndani ya chumba chenye kioo, mbele yake skrini kadhaa za kompyuta. Anaona vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani, lakini hana wa kumwambia. Maamuzi makubwa ya mchezo yako mikononi mwa nahodha: penalti ikitolewa, yeye ndiye anayesema wapige langoni wachukue pointi tatu, wautoe mpira nje karibu na kona, au waombe skramu. Kocha ana mapumziko ya katikati na redio ya kuzungumza na watu wachache wanaoruhusiwa kuingia, yaani madaktari na wabeba maji. Basi.

Makocha wengi wameizoea hali hiyo. Erasmus hakuizoea. Akiwa Bloemfontein aliweka taa za rangi kwenye paa la uwanja ili kuwapa wachezaji ishara mchezo ukiendelea. Watu wakazibatiza taa za disko, na kicheko kilikuwa kingi. Ila mwaka 2005 Free State wakaifunga Blue Bulls 29-25 ugenini Pretoria na kutwaa Currie Cup, kombe la mikoa la Afrika Kusini, ambalo hawakuwa wamelishika tangu 1976. Mwaka uliofuata fainali ikaisha 28-28 hata baada ya muda wa nyongeza, timu hizo mbili zikagawana kombe. Siwezi kusema taa ndizo zilizoleta kombe. Ninachosema ni kwamba tayari tabia ilikuwa imejitokeza: akikuta mlango umefungwa, anatafuta dirisha, na akishalipata anaangalia kwenye kitabu cha sheria kama limekatazwa.

Kule Bloemfontein ndiko alikokuwa na Jacques Nienaber, mtaalamu wa fiziotherapia aliyegeuka kocha wa ulinzi. Wamehama pamoja kutoka kazi hadi kazi. Walienda Cape Town kwenye timu ya Stormers, kisha mwaka 2012 Erasmus akaingia ofisini kwenye shirikisho la raga la Afrika Kusini, akisimamia maendeleo ya timu zote za taifa na kuwasaidia makocha wa mikoa na wa vijana. Miaka minne mezani. Kwa kocha mwenye tamaa hiyo huonekana kama kuzikwa hai, ila ndiko alikojifunza jinsi mfumo mzima unavyokula fedha, muda na wachezaji.

Mwaka 2016 wakahamia Munster, Ireland. Huko Erasmus akawa mkurugenzi wa raga, huku Anthony Foley, namba 8 wa zamani wa Ireland na kipenzi cha Limerick, akiwa kocha mkuu. Tarehe 16 Oktoba 2016 Foley alifariki usingizini katika hoteli ya timu karibu na Paris, saa chache kabla ya mechi dhidi ya Racing 92. Alikuwa na miaka 42. Siku sita baadaye Munster walicheza na Glasgow nyumbani Thomond Park, wakapata kadi nyekundu mapema, wakashinda 38-17 wakiwa 14. Erasmus akashika viti vyote viwili hadi mwisho wa msimu, akawafikisha nusu fainali ya Ulaya na fainali ya ligi. Zote walipoteza, kwa Saracens na kwa Scarlets.

Miezi ishirini

Wakati huo nyumbani kulikuwa kunaungua. Mwaka 2016 Springboks walifungwa na New Zealand 57-15 mjini Durban, kisha wakapoteza kwa Italia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwaka 2017 New Zealand wakawachapa 57-0. Erasmus aliitwa, akapewa ukurugenzi wa raga pamoja na ukocha mkuu, Kombe la Dunia likiwa limebaki miezi ishirini hivi.

Jambo la kwanza alilofanya lilizungumzwa dunia nzima: Mei 2018 alimtangaza Siya Kolisi, kijana wa kitongoji cha Zwide, kuwa nahodha. Hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kuiongoza Springboks katika mechi ya kimataifa kabla yake. Katika mechi ya kwanza ya Kolisi kama nahodha, dhidi ya Uingereza pale Ellis Park, Afrika Kusini ilikuwa nyuma 24-3 ndani ya dakika ishirini. Ikashinda 42-39.

Jambo la pili halikuandikwa sana, nalo lilikuwa zito vilevile. Alifungua mlango kwa wachezaji walio nje ya nchi. Cheslin Kolbe alikuwa ameondoka kwenda Toulouse, Ufaransa, bila kuwahi kuichezea Springboks hata mara moja, kwa sababu kocha baada ya kocha walimwona ni mdogo wa umbo. Erasmus akamwita mwaka 2018. Mwaka mmoja baadaye Kolbe ndiye aliyefunga trai ya mwisho ya fainali ya dunia.

Fainali hiyo, Yokohama, tarehe 2 Novemba 2019, iliisha 32-12 dhidi ya Uingereza. Makazole Mapimpi alifunga trai ya kwanza ambayo Mwafrika Kusini yeyote aliwahi kufunga katika fainali ya Kombe la Dunia. Ndiyo, ya kwanza. Mwaka 1995 na 2007 walishinda kwa mikwaju mitupu, na 2023 wakarudia vilevile. Makombe manne, trai mbili kwenye fainali zote nne. Anayesema raga ya Afrika Kusini haipendezi macho ana hoja, na rekodi hiyo ndiyo shahidi wake. Mimi huipenda hivyohivyo.

Ila walishindaje? Jibu liko kwenye benchi.

Timu ya raga huwa na wachezaji wanane wa akiba. Wale watatu wa mstari wa mbele wa skramu lazima wawe na mbadala wao waliofunzwa, kwa sababu za usalama: shingo za watu wasiozoea haziwezi kuhimili uzito ule. Wanaobaki ni watano, na mazoea ya dunia yalikuwa kwamba, kati ya wote wanane, watano wawe mafowadi na watatu mabeki, yaani wachezaji wa nyuma wasiosukuma skramu. Erasmus akaweka mafowadi sita na mabeki wawili. Tena hakuweka watu wa kujaza nafasi. Malcolm Marx, ambaye wengi walimhesabu kuwa namba 2 bora duniani, yaani mtu wa katikati ya mstari wa mbele wa skramu, alikuwa akianzia benchi. Dakika ya hamsini hivi, mapafu ya wapinzani yakiwa yameanza kuwaka, mstari mzima wa mbele unaondoka na mwingine mzito vilevile unaingia. Kundi hilo likapewa jina la Bomb Squad, na wachezaji wenyewe wakalipenda kiasi kwamba kukaa benchi kukaacha kuwa aibu. Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi kuiga. Kupanga majina kwenye karatasi anaweza yeyote. Kumshawishi nyota akubali kuanza nje, na aingie akiwa na njaa badala ya kinyongo, ni kazi nyingine kabisa.

Nadhani hapa uchezaji wake wa zamani ulimsaidia kweli. Flanka anajua dakika ya sitini inavyouma. Hahitaji grafu kumwonyesha kwamba mtu aliyekaba mara ishirini hufika mara ya ishirini na moja akiwa amechelewa nusu hatua.

Viti viwili, na chupa ya maji

Mwaka 2020 Nienaber akawa kocha mkuu na Erasmus akabaki mkurugenzi wa raga. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hivyo nieleze wazi. Kocha mkuu ndiye anayeendesha mazoezi, anayetangaza kikosi na kujibu waandishi, na matokeo yakiharibika jina lake ndilo linalotajwa. Mkurugenzi huangalia mbali zaidi: nani asainiwe, timu za vijana zinacheza mfumo gani, makocha gani waajiriwe, miaka minne ijayo itakuwaje. Kwenye karatasi mpaka uko bayana. Kwa hawa wawili, waliofanya kazi pamoja tangu Free State, mpaka ulikuwa mstari wa chaki kwenye mvua, na sidhani kama walijali.

Halafu ukaja mwaka 2021 na ziara ya Lions. Korona ilikuwa imeizuia Afrika Kusini kucheza mechi yoyote ya kimataifa mwaka mzima wa 2020, na viwanja vilikuwa vitupu. Mtu akawasha televisheni na kumwona mkurugenzi wa raga wa mabingwa wa dunia akikimbia uwanjani na chupa za maji. Sheria haikumkataza. Ilisema wabeba maji waruhusiwe, haikusema mbeba maji asiwe nani. Mkono wa kocha uliokuwa ukitafuta njia tangu enzi za taa za Bloemfontein ulikuwa sasa umefika katikati ya uwanja.

Lions wakashinda mechi ya kwanza 22-17, na hapo Erasmus akapoteza busara. Alirekodi video ya zaidi ya saa moja akichambua, tukio baada ya tukio, makosa aliyodai mwamuzi Nic Berry ameyafanya. Video ikasambaa kila mahali. Afrika Kusini ikashinda mechi ya pili 27-9 na ya tatu 19-16, mkwaju wa ushindi ukipigwa na Morné Steyn, yuleyule aliyewaua Lions kwa mkwaju wa mwisho mwaka 2009. Lakini hesabu ya video ilikuwa bado. Novemba mwaka huo World Rugby, shirikisho la dunia, likamfungia kazi zote za raga kwa miezi miwili, na shughuli zote za siku ya mechi hadi mwisho wa Septemba 2022. Na kuanzia Julai 2022 kanuni mpya ikasema mbeba maji hawezi kuwa kocha mkuu wala mkurugenzi wa raga. Sheria ya dunia nzima, na kila mtu alijua kanzu hiyo imeshonwa kwa vipimo vya nani.

Mashabiki wa Afrika Kusini wengi humtetea kwa yote. Mimi nayatenganisha. Chupa ya maji ilikuwa akili: aliona pengo kwenye kanuni, akalitumia, kanuni ikazibwa, mchezo ukaendelea. Video ilikuwa jambo jingine. Mwamuzi hana jukwaa la kujibu, na mtu mwenye wafuasi wengi anapomweka mwenzake mmoja mbele ya umati huo, hoja zake zote zinaweza kuwa sahihi na bado akawa amekosea. Novemba 2022 alirudia, safari hii kwa machapisho ya mtandaoni baada ya kufungwa 30-26 na Ufaransa mjini Marseille, akafungiwa mechi mbili zaidi. Mwamuzi wa siku hiyo, Wayne Barnes, ndiye aliyepewa filimbi ya fainali ya dunia mwaka uliofuata. Afrika Kusini ilikuwemo.

Ushindi wa pointi moja, mara tatu

Kombe la Dunia la 2023 nchini Ufaransa lilikuwa maonyesho ya kila kitu alichokuwa akikikusanya. Mjini Marseille, dhidi ya Scotland, taa zilirudi: nyekundu, njano na kijani zikionekana kwenye dirisha la chumba cha makocha. Agosti ya mwaka huohuo, London, Springboks walikuwa wameifunga New Zealand 35-7 wakiwa na mafowadi saba na beki mmoja tu kwenye benchi.

Mashindano yakiwa ndiyo kwanza yameanza, Marx akaumia. Kila mtu alitarajia aitwe namba 2 mwingine. Badala yake akaitwa Handré Pollard, namba 10 na mpiga mikwaju, aliyekuwa ameachwa nje kwa sababu ya majeraha. Kikosi kikabaki na namba 2 halisi mmoja, Bongi Mbonambi, na nyuma yake Deon Fourie, flanka mwenye miaka 37 aliyewahi kuicheza nafasi hiyo zamani.

Robo fainali: Ufaransa 28, Afrika Kusini 29. Kolbe alichomoka na kuuzuia kwa mikono mkwaju wa nyongeza wa Mfaransa Thomas Ramos, ule unaopigwa baada ya trai, ambao peke yake una pointi mbili. Hesabu mwenyewe. Katika mechi hiyohiyo Damian Willemse alidaka mpira wa juu karibu na lango lake, akapata haki ya kupiga bure, akaashiria kwamba wanataka skramu. Karibu hakuna anayeomba skramu akiwa ndani ya mita 22 zake mwenyewe. Watu huupiga mpira mbali na kushukuru Mungu. Springboks waliitaka kwa sababu skramu huchosha mafowadi wanane wa upande wa pili, na wao walikuwa na benchi la kubadilisha.

Nusu fainali: Uingereza waliongoza 15-6 hadi dakika kumi na kitu za mwisho. Mstari wa mbele ulioingia kutoka benchi ukaanza kuwasukuma, RG Snyman akafunga trai, na zikiwa zimebaki dakika mbili hivi skramu ikaleta penalti karibu na katikati ya uwanja. Pollard, yule aliyeletwa badala ya namba 2, akaipiga. 16-15.

Kisha fainali, Stade de France, tarehe 28 Oktoba, na New Zealand. Mbonambi aliumia goti mechi ikiwa haijafika dakika ya tano. Fourie akaingia kucheza karibu mechi nzima katika nafasi ambayo kazi yake kuu ni kurusha mpira kutoka pembeni ukadakwa na mtu aliyeinuliwa hewani, kazi ya ustadi wa sentimita. Mipira kadhaa ikapotea. Benchi lilikuwa na beki mmoja tu, Willie le Roux. Wengine wakiumia, Kwagga Smith, flanka aliyepata medali ya shaba ya Olimpiki katika raga ya wachezaji saba, angelazimika kukimbia huko nyuma. Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alitolewa kwa kadi nyekundu, na Kolbe akapewa ya njano dakika za mwisho. Penalti nne za Pollard, pointi 12. New Zealand 11.

Ukiangalia ushindi wa pointi moja mara tatu mfululizo, ni rahisi kusema bahati. Bahati ilikuwepo, nani akatae. Richie Mo'unga na Jordie Barrett wa New Zealand walikosa mikwaju ambayo ingeligeuza kombe. Lakini tazama ni maamuzi mangapi yaliyofanywa wiki kadhaa kabla yaliishia kwenye pointi ile moja: Pollard badala ya namba 2, saba badala ya watano, skramu badala ya teke.

Baada ya hapo Nienaber alienda Leinster, Ireland, na Erasmus akarudi kwenye kiti cha kocha mkuu mwaka 2024. Akamleta Tony Brown wa New Zealand kufundisha mashambulizi na Jerry Flannery wa Ireland kufundisha ulinzi. Rugby Championship, ligi ya mataifa makubwa ya kusini, ikaja mwaka 2024 na tena 2025, ingawa mwaka huo wa pili walianza kwa kufungwa 38-22 na Australia nyumbani baada ya kuongoza 22-0. Mwezi mmoja baadaye wakaifunga New Zealand 43-10 mjini Wellington, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia ya New Zealand. Na dhidi ya Italia, Julai 2025, walianza mechi kwa kosa la makusudi: André Esterhuizen alisimama mbele ya mpigaji wakati wa kuanzisha mpira, ili kosa hilo liwape Italia skramu ambayo Springboks walitaka kuisukuma. Wengine walikasirika. Mwamuzi, hata hivyo, alitoa skramu tu.

Wapinzani nao wamejifunza. Machi 2025 Ufaransa ya Fabien Galthié, naye nahodha wa zamani aliyegeuka kocha, ilienda Dublin na mafowadi saba kwenye benchi na kuifunga Ireland 42-27. Novemba mwaka huo Ufaransa na Afrika Kusini zikakutana Paris. Ilikuwa mechi ya 100 ya Siya Kolisi. Lood de Jager alipewa kadi nyekundu muda mfupi kabla ya mapumziko, Ufaransa ikiwa mbele 14-13. Timu zilipotoka vyumbani Kolisi hakuwemo: Erasmus alikuwa amempumzisha nahodha wake siku ya sherehe yake na kumwingiza Esterhuizen, beki aliyefunzwa pia kucheza flanka, kwa kuwa timu ya watu 14 ilihitaji mtu wa kufanya kazi zote mbili. Afrika Kusini ikashinda 32-17.